Wanaobeba dawa na funguo: Mzigo wa akili kwa wahudumu wa wagonjwa wenye kesi

MUUGUZI anayeingia zamu katika wadi ya wagonjwa wa akili wenye kesi hupokea vitu viwili kutoka kwa mwenzake anayetoka: dawa za kuwatibu wagonjwa na funguo za kuwafungia. Hapo ndipo kazi yake inapotofautiana na ya muuguzi wa wadi nyingine yoyote, na hapo ndipo sehemu kubwa ya dhiki anayorudi nayo nyumbani inapoanzia.

Anatakiwa kutibu, kusikiliza na kutuliza. Wakati huo huo anatakiwa kulinda, kupekua, kuhesabu vijiko baada ya mlo na kuandika kila neno ambalo huenda likahitajika mahakamani. Asubuhi mgonjwa humwita daktari au sista, na jioni akamwita askari jela.

Mengi yameandikwa kuhusu haki za wagonjwa hawa, na ilistahili yaandikwe. Machache yameandikwa kuhusu wanaowahudumia, ilhali mambo hayo mawili hayatengani. Wadi ya aina hii haitegemei mashine kama chumba cha upasuaji kinavyozitegemea. Chombo chake kikuu cha tiba ni mtu, na chombo hicho kikichakaa mgonjwa ndiye wa kwanza kuumia.

Wagonjwa wenyewe ni akina nani

Sheria ya Kenya, kama ya nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza, ilirithi kanuni zilizotungwa London mwaka wa 1843. Mwaka huo Daniel M'Naghten alimpiga risasi na kumuua Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Kutokana na kesi hiyo majaji waliamua kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kosa ikiwa, wakati wa kulitenda, maradhi ya akili yalimzuia kuelewa alichokuwa akifanya au kujua kwamba hakupaswa kukifanya. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinafuata mkondo huo.

Urithi wa pili ulikuwa mzito zaidi. Mwaka wa 1882 Roderick Maclean alimfyatulia risasi Malkia Victoria, na mahakama ikaamua kwamba hana hatia kwa sababu ya wazimu. Malkia hakufurahishwa na maneno hayo, na mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likabadilisha sheria ili uamuzi usomeke kwamba mshtakiwa ana hatia lakini alikuwa mwendawazimu. Waingereza wenyewe waliacha maneno hayo mwaka wa 1964. Kenya ilibaki nayo katika kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ambacho kiliagiza mtu huyo azuiliwe kwa hiari ya Rais.

Maana yake ni kuwa hakupewa miaka ya kuhesabu. Msimamizi wa hospitali au gereza alitakiwa kuandika ripoti kuhusu hali yake baada ya miaka mitatu tangu agizo la Rais, kisha kila baada ya miaka miwili. Kuanzia miaka ya 2010, majaji kadhaa wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kumweka mtu kizuizini bila kikomo namna hiyo kunakiuka Katiba ya 2010. Hata hivyo, wauguzi wa vizazi kadhaa walifanya kazi yao yote chini ya utaratibu huo, na desturi za wadi zilijengwa juu yake.

Pamoja na hao, wadi hupokea mahabusu ambao mahakama inataka kujua kama akili zao zinawawezesha kujitetea, na wafungwa waliougua wakiwa gerezani. Katika zamu moja muuguzi anaweza kumhudumia mtu aliyemuua mzazi wake akisikia sauti zikimwamuru, kijana aliyekamatwa kwa kuiba kuku akiwa hajitambui, na mwingine ambaye huenda anaigiza ugonjwa ili akwepe jela. Wote watatu wanahitaji kuoshwa, kulishwa na kusikilizwa.

Mathari na mlango usiofunguka

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza mwaka wa 1910 kama makao ya walioitwa wendawazimu. Jina la Mathari lilitumika rasmi kuanzia 1924. Miongoni mwa madaktari waliowahi kuisimamia wakati wa ukoloni ni J.C. Carothers, ambaye maandishi yake ya mwaka wa 1953 kuhusu akili ya Mwafrika yalikosolewa vikali kwa ubaguzi. Historia hiyo haijasahaulika, na inachangia kueleza kwa nini wananchi wengi bado hulitaja jina la Mathari kwa mzaha au kwa hofu.

Ndani ya hospitali hiyo kuna kitengo cha ulinzi mkali, ambacho kwa miongo kadhaa kimekuwa tegemeo la mahakama na magereza ya nchi nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47. Mtu anayekamatwa Turkana akiwa mgonjwa na mwenzake wa Kwale huenda wote wakaishia katika kitengo hicho hicho, mamia ya kilomita kutoka kwa jamaa zao.

Watu wa nje hudhani kuwa kinachowachosha wahudumu wa mahali kama hapo ni wagonjwa wakali. Mgonjwa mkali huchosha, bila shaka, lakini dawa zipo na ukali wake kwa kawaida hupungua baada ya wiki kadhaa. Huenda anayechosha zaidi ni yule aliyepona.

Mtu huyo anakunywa dawa zake bila kusukumwa, anafagia wadi, anawasaidia wagonjwa wapya kuvaa, na kila mwezi anauliza swali moja: barua yangu imefika? Muuguzi hana jibu. Uamuzi uko mikononi mwa mahakama, wizara au ofisi fulani ambayo hajawahi kuiona. Anajua kwamba alichofundishwa chuoni, yaani kumtibu mtu hadi apone kisha amruhusu aende, hapa hakitimii.

Hata karatasi zikipatikana, kijiji huenda kisimtake. Pale ambapo damu ilimwagika, mara nyingi aliyeuawa na aliyeua ni wa ukoo mmoja, na anayerudi atakutana na wajane na mayatima wa tendo lake kisimani na kanisani. Afisa wa ustawi wa jamii hupiga simu, huenda hata akasafiri, akaambiwa kwamba boma halina nafasi. Anaporudi, yeye ndiye humpasha mgonjwa habari hiyo. Kazi ya namna hii haiachi jeraha linaloonekana, na kwa sababu hiyo haiandikwi katika daftari la matukio.

Hofu isiyolala

Hofu katika wadi hizi si ya kila dakika, na wanaozifanyia kazi huchukizwa na wageni wanaodhani kuwa kila mgonjwa ni mnyama. Watu wengi wenye ugonjwa wa akili hawana ghasia, na hata miongoni mwa walioletwa kwa kesi nzito wengi hawatamgusa mhudumu kamwe. Tatizo ni kwamba haijulikani ni nani na ni lini. Mwili unajifunza kukaa macho saa zote: kutompa mtu mgongo, kukaa karibu na mlango, kusikiliza kimya kinapozidi kwa sababu kimya pia ni ishara.

Hali hiyo ni ya zamani kama huduma yenyewe. Hospitali ya Broadmoor nchini Uingereza, iliyofunguliwa mwaka wa 1863 kwa ajili ya wagonjwa wa aina hii, iliwapoteza kazini madaktari wake wakuu mapema. Msimamizi wa kwanza, John Meyer, alishambuliwa na mgonjwa katika kanisa la hospitali. Aliyemfuata, William Orange, alipigwa kichwani kwa jiwe mwaka wa 1882 na hakupata nafuu kamili. Alistaafu mwaka wa 1886. Tarehe 30 Novemba 1976, wagonjwa wawili waliotoroka hospitali ya Carstairs, Scotland, waliwaua muuguzi, mgonjwa mwenzao na afisa wa polisi waliyekutana naye barabarani.

Matukio kama hayo ni nadra, lakini husimuliwa miaka mingi baadaye kwa kila mwajiriwa mpya. Ndivyo hofu inavyorithishwa hata kwa wale ambao hawajawahi kupigwa kofi.

Kuna pia mzigo wa kujua. Ili kumtibu mgonjwa vizuri, mhudumu lazima asome faili lake: picha za mahali pa tukio, maelezo ya mashahidi, ripoti ya uchunguzi wa maiti. Atamsikia mgonjwa mwenyewe akisimulia, mara nyingine akilia, mara nyingine bila hisia yoyote. Mwaka wa 1990 wanasaikolojia wa Marekani Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman waliandika juu ya namna msikilizaji wa visa vya kutisha anavyoweza kujeruhiwa na kisa ambacho hakikumpata yeye. Huanza kuota ndoto za mtu mwingine. Mama aliyemaliza zamu anarudi nyumbani, anamtazama mwanawe akichezea kisu cha jikoni, na moyo unamwenda mbio.

Nyumbani hawezi kusimulia. Siri ya mgonjwa inalindwa na maadili ya kazi, na hata kama isingelindwa, ni jamaa gani anayetaka kusikia hayo wakati wa chajio? Majirani nao humtania kwamba amekaa na wendawazimu hadi amekuwa mmoja wao. Kitanda usichokilalia, huwajui kunguni wake.

Halafu kuna hisia ambazo mhudumu huona haya kuzikiri hata mbele ya wenzake. Aliyembaka mtoto anaumwa jino na anahitaji kupewa dawa ya maumivu. Muuguzi ambaye ni mzazi humpa, kwa sababu ndiyo kazi, lakini ndani yake kuna chuki. Kwa mgonjwa mwingine anajikuta na huruma kupita kiasi, akimtetea dhidi ya wenzake na kumvunjia kanuni ndogo ndogo.

Daktari Tom Main wa hospitali ya Cassel, Uingereza, aliligusa jambo hilo katika makala ya mwaka wa 1957. Aligundua kwamba wagonjwa fulani wagumu waliwagawa wahudumu makundi mawili, moja likiamini kwamba ndilo pekee linalomwelewa mgonjwa na jingine likiamini kwamba wenzao wamepumbazwa. Kila upande ulichoka na kuulaumu mwingine. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika wadi ya ulinzi anaujua ugomvi huo, ingawa huenda hakujua kwamba una jina na historia.

Ripoti zinazomnyima mtu usingizi

Mhudumu wa wadi ya kawaida akikosea kupima hali ya mgonjwa, anaweza kurekebisha kesho. Hapa maoni yake huingia katika ripoti ya mahakama. Akisema mgonjwa amepona na aachiliwe, kisha mtu adhuriwe, jina lake litatajwa. Akisema bado, pengine anamnyima mtu aliyepona miaka mingine ya uhuru, na hakuna atakayemlaumu kwa hilo. Mizani haiko sawa, na kwa hivyo wengi hujifunza kuegemea upande wa tahadhari. Baada ya muda tahadhari hiyo huonekana kama ukweli wa kitabibu, kumbe kwa kiasi fulani ni woga.

Mgonjwa naye anajua kwamba anayemwuliza habari za usingizi wake ndiye huyo huyo atakayeandika. Hivyo huficha. Muuguzi hubaki akijenga uaminifu na mtu ambaye ana sababu nzuri ya kutomwamini.

Jinsi uchovu huu unavyopimwa

Neno la kitaalamu la uchovu unaotokana na kazi lilienezwa na Herbert Freudenberger, daktari wa saikolojia jijini New York, mwaka wa 1974 alipowaona vijana wa kujitolea katika kliniki ya bure wakiishiwa nguvu na moyo. Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson walitoa kipimo chake mwaka wa 1981. Kipimo hicho huangalia mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwaona wagonjwa kama vitu badala ya watu, na kujiona kwamba kazi unayoifanya haina faida. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza uchovu huu katika orodha yake mpya ya maradhi kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, bila kuuita ugonjwa.

Kenya haikuachwa nyuma. Profesa David Ndetei na wenzake walichapisha mwaka wa 2008 utafiti kuhusu uchovu wa kikazi miongoni mwa wafanyakazi wa Mathari yenyewe. Si tatizo la Wazungu wenye muda wa kujipima hisia, kama wengine wanavyopenda kusema.

Jambo la pili kati ya yale matatu ndilo la kuogopwa zaidi katika wadi yenye funguo. Mtu aliyechoka katika benki atawajibu wateja kwa ukali. Aliyechoka akiwa na uwezo wa kumfungia mwenzake chumba cha upweke, kumchoma sindano ya kumtuliza au kumnyima ruhusa ya kutoka uani, anaweza kuanza kuutumia uwezo huo bila kuhisi chochote. Hajawa mtu mbaya. Amepata ganzi ya moyo.

Isabel Menzies, aliyechunguza wauguzi wa hospitali moja ya mafunzo jijini London na kuchapisha matokeo mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha kwamba ganzi hiyo huweza kujengwa ndani ya utaratibu wenyewe. Wauguzi waliwataja wagonjwa kwa namba ya kitanda au jina la kiungo kinachouma. Kazi iligawanywa vipande vipande ili mtu asikae na mgonjwa mmoja muda wa kutosha kumhurumia. Utaratibu huo uliwakinga wauguzi dhidi ya uchungu, lakini pia uliwaondolea furaha ya kazi, na wengi waliacha masomo. Katika wadi za ulinzi, kinga ya namna hiyo ni rahisi kujificha, kwa kuwa kila jambo linaweza kuelezwa kuwa la usalama.

Hospitali moja, makosa mawili yanayopingana

Hakuna mfano unaoonyesha matokeo ya kuwaacha wahudumu peke yao kuliko ule wa hospitali ya Ashworth, karibu na Liverpool. Mwaka wa 1992 tume iliyoongozwa na wakili Louis Blom-Cooper iliripoti kwamba wagonjwa walikuwa wameteswa na kudhalilishwa, na kwamba wahudumu waliotaka kusema walitishwa na wenzao. Serikali iliagiza mabadiliko. Ulinzi ulilegezwa, uhuru wa wagonjwa ukapanuliwa.

Miaka saba baadaye, Januari 1999, tume nyingine chini ya Jaji Peter Fallon ilitoa ripoti kuhusu kitengo cha watu wenye kasoro za haiba katika hospitali hiyo hiyo. Safari hii ilikuta picha za ngono, dawa za kulevya na pombe zikizagaa, na mtoto mdogo akiruhusiwa kuwatembelea wagonjwa. Fallon alipendekeza hospitali ifungwe, lakini serikali ilikataa.

Ni kosa kuzisoma ripoti hizo mbili kama hadithi ya watu wakatili waliofuatwa na watu wazembe. Ukatili na uzembe zilikuwa njia mbili za kuukimbia mvutano ule ule kati ya dawa na funguo. Anayeshika funguo peke yake hupumzika kutoka kwa huruma, na anayezitupa hupumzika kutoka kwa hofu. Kilichokosekana mara zote mbili ni mahali pa kuyasema yote mawili kwa sauti, mbele ya mkubwa anayesikiliza.

Nchini Kenya, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilichapisha mwaka wa 2011 ripoti iliyoeleza jinsi huduma za akili zilivyopuuzwa na serikali kwa miaka mingi. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari. Habari hiyo ilienea duniani, na kwa siku kadhaa mzaha ulikuwa mwingi kuliko maswali. Walioingia zamu siku zilizofuata walilazimika kuwakabili wagonjwa waliobaki, polisi, waandishi wa habari na wakubwa wao, wote kwa pamoja.

Linalosaidia na lisilosaidia

Desturi katika hospitali nyingi, tukio baya linapotokea, ni kuwakusanya waliohusika mara moja wasimulie yote kisha warudi kazini. Ni nia njema, lakini uchambuzi wa tafiti uliotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka wa 2002 ulionyesha kuwa kikao kimoja cha namna hiyo, kikilazimishwa, hakizuii maradhi ya kiwewe na huenda kikawaongezea wengine dhiki. Aliyepigwa anahitaji kwanza kutibiwa, kusindikizwa nyumbani, kupumzishwa bila kukatwa mshahara, na kutazamwa kwa wiki kadhaa. Mazungumzo yatafuata akiwa tayari.

Lenye faida zaidi ni lile la kawaida linalofanywa kabla ya tukio. Wauguzi wachache hukutana na mshauri mwenye uzoefu kwa saa moja kila wiki au kila wiki mbili, wakazungumza juu ya mgonjwa anayewasumbua na jinsi anavyowafanya wajisikie. Mshauri huyo asiwe ndiye anayeandika tathmini yao ya kazi, la sivyo nao wataficha kama wagonjwa wanavyoficha. Kinachohitajika ni chumba, saa na mtu wa kushika zamu wakati wengine wako kikaoni. Hilo la mwisho ndilo ghali, na ndilo linaloua mpango huo katika hospitali zenye upungufu wa watu.

Hali ya wadi yenyewe pia hubadilika kwa mambo madogo. Profesa Len Bowers wa London na wenzake walichapisha mwaka wa 2015 jaribio lililofanywa katika wadi za wagonjwa wa akili wa kawaida nchini Uingereza. Wahudumu walifundishwa mambo kama kusema neno jema juu ya kila mgonjwa wakati wa kupokezana zamu, na kumfuata mgonjwa kumtuliza baada ya kupata habari mbaya. Migogoro ilipungua kwa asilimia 15, na matumizi ya nguvu, kutenga na sindano za kutuliza kwa zaidi ya robo. Wagonjwa wa kesi si sawa na wa wadi hizo, lakini barua ya mahakama yenye jibu la hapana ni habari mbaya popote, na zamu inayojua kwamba imefika inaweza kujiandaa.

Wahudumu wasio wauguzi husahaulika hata katika mipango mizuri. Mfagiaji aliyeosha damu sakafuni, mpishi anayepitisha chakula dirishani na mlinzi wa lango hawaitwi kikaoni, ingawa wao pia waliona.

Sheria haikunyamaza kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka kila mwajiri kulinda usalama, afya na hali njema ya wafanyakazi wake, na hospitali ya umma ni mwajiri kama kiwanda. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2022. Mnamo Septemba 2022 WHO nayo ilitoa mwongozo kuhusu afya ya akili kazini, ambao unawataja wahudumu wa afya miongoni mwa walio hatarini.

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na wahudumu wa akili ni mabingwa wa kuficha. Muuguzi anayewapa wengine dawa za mfadhaiko huogopa kuonekana akipanga foleni ya dawa hizo, maana atakutana na wenzake dirishani na huenda akaulizwa kama bado anafaa kushika funguo. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, jaribio la kujiua lilikuwa kosa lenye adhabu ya hadi miaka miwili jela. Mhudumu aliyefikia ukingo huo alijua vyema mahali ambapo kukiri kungeweza kumpeleka, kwa kuwa amewapokea wengi waliotoka huko.

Kwa sababu hiyo dalili huonwa kwanza na walio nyumbani. Mtu aliyekuwa mcheshi huanza kula kimya na kulala na taa ikiwaka. Hukagua makomeo mara tatu. Huwaita watoto kwa sauti ya amri, huwapekua mikoba bila sababu, hukasirishwa na kicheko cha ghafla. Pombe huongezeka siku za kumaliza zamu ya usiku. Huwazungumzia wagonjwa kwa dharau ambayo hakuwa nayo miaka ya kwanza, au haachi kumtaja mmoja tu kana kwamba ni ndugu yake. Lolote kati ya hayo likidumu zaidi ya wiki kadhaa, linatosha kumpeleka kwa daktari au mshauri, ikiwezekana katika hospitali ambayo si ile anayofanyia kazi. Na akiomba kuhamishiwa wadi nyingine kwa muda, ombi hilo linapaswa kushughulikiwa kama la muuguzi aliyeumia mgongo kwa kuinua wagonjwa.